Mafua Makali Yakiingia Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuyazuia Yasienee, kwa Familia za Moshi na Arusha

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku kwetu chini ya Kilimanjaro na Meru, wingu linatanda asubuhi hadi saa sita, na ikifika jioni kila nyumba inajifungia. Madirisha yanafungwa, pazia nzito zinashushwa, ventileta zinazibwa kwa vipande vya boksi. Mtoto mmoja anarudi kutoka shule na makamasi siku ya Jumatatu, na Ijumaa ikifika nyumba nzima inakohoa. Tunasema "ni baridi" na kumfunika mgonjwa blanketi la pili.

Baridi peke yake haimpi mtu mafua. Virusi ndivyo vinavyompa, na baridi inavisaidia kwa kutukusanya wote kwenye chumba kilichofungwa, tukivuta hewa ile ile iliyotoka kwenye mapafu ya mgonjwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dirisha kabla ya sabuni, ingawa wengi wetu tulifundishwa kuanza na sabuni. Kunawa mikono ni muhimu, na hilo nitalieleza mbele. Ila ukinawa mikono mara kumi kwa siku halafu ukalala usiku kucha kwenye chumba kisicho na hewa pamoja na mtu anayekohoa, umefunga mlango mdogo na kuacha lango wazi.

Ujue kwanza unachopambana nacho

Magonjwa ya virusi yanayoshambulia njia ya hewa ni mengi, na kwa macho yanafanana. Kuna mafua ya kawaida, yanayokuacha na pua inayotiririka na siku chache za uchovu. Kuna influenza, yaani mafua makali, ambayo huanza ghafla: asubuhi uko mzima, jioni una homa, kichwa kinagonga, mwili unauma hadi kwenye viungo. Kuna UVIKO-19, ambayo bado ipo ingawa hatuitangazi tena kila jioni. Kuna virusi vya RSV, ambavyo kwa mtu mzima ni mafua tu lakini kwa mtoto wa miezi michache vinaweza kuziba vijia vidogo vya hewa kifuani. Na kuna surua, ambayo watu huiona kama ugonjwa wa ngozi kwa sababu ya vipele, kumbe nayo inapita kwenye hewa na inaambukiza kuliko yote niliyoyataja.

Mkoa wa Arusha una sababu ya kuyakumbuka haya. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, aliyetangazwa Machi 16, 2020, alikuwa Mtanzania aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji, na akalazwa Hospitali ya Mount Meru. Sisi tuko kwenye njia. Watalii wanaingia kwa wingi Julai na Agosti, miezi ile ile ya baridi, na Desemba ndugu zetu wanapanda kutoka Dar es Salaam kwa mabasi yaliyojaa.

Virusi hivi husafiri kwa njia tatu. Mtu anapokohoa au kupiga chafya, matone makubwa ya mate hurushwa na kuanguka karibu, mita moja au mbili hivi. Pamoja na matone hayo hutoka chembechembe ndogo mno, zisizoonekana, ambazo hata kuongea, kuimba na kupumua tu huzitoa. Hizo hazianguki upesi. Zinaelea na kusambaa chumba kizima, sawa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni inavyokufikia chumbani ukiwa umejilaza. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Njia ya tatu ni mikono: mgonjwa anafuta pua, anashika kitasa, wewe unashika kitasa hicho halafu unajikuna jicho.

Jambo linalowaponza wengi ni muda. Mwenye influenza huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba, watoto wadogo hata zaidi. Mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili, na mwenye surua siku nne kabla vipele havijatoka. Kwa hiyo ukisubiri mtu aanze kukohoa ndipo ufungue dirisha, umechelewa. Dirisha liwe wazi msimu wote.

Hatua ya kwanza: ipe nyumba hewa kabla mtu hajaugua

Nyumba za zamani za Moshi mjini, zile zenye dari ndefu na matundu juu ya milango, zilikuwa zinapumua zenyewe. Nyumba zetu za sasa zina dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, na yakifungwa yamefungwa kweli. Chumba cha kupanga chenye dirisha moja na watu wanne waliolala ndani yake hadi alfajiri ndiyo mazingira ambayo kirusi kingejichagulia.

Ondoa boksi kwenye ventileta. Hii ni kazi ya dakika tano na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote katika mwongozo huu. Kisha hakikisha hewa ina pa kuingilia na pa kutokea: dirisha na mlango, au madirisha mawili yanayotazamana. Dirisha moja likiwa wazi na mlango umefungwa, hewa hubadilika polepole sana. Fungua nyumba nzima asubuhi mkishaamka, na tena jioni kabla ya kulala, angalau robo saa kila mara. Usiku acha upenyo wa upana wa kiganja. Kuhusu baridi, ongeza blanketi na soksi, na msogeze mtoto mbali na dirisha. Ni rahisi kuupa mwili joto kwa nguo kuliko kusafisha hewa ya chumba kilichozibwa. Kuhusu mbu, wavu wa dirishani hupitisha hewa, ila ufute vumbi, maana wavu ulioziba kwa vumbi jekundu la kiangazi ni kama ukuta.

Sasa fanya jaribio hili, halihitaji fundi. Washa kijiti cha udi, simama katikati ya chumba, tulia kidogo, kisha tazama mstari wa moshi wake. Ukipanda wima na kutanda darini, hewa imesimama. Ukilala upande mmoja na kutoroka dirishani au mlangoni, hewa inatembea. Sogea nao hadi kwenye pembe ya kitanda, pale vichwa vinapolala, uangalie tena, kwa sababu mara nyingi katikati ya chumba pana mwendo lakini pembeni pamekufa. Kitanda kikiwa kwenye pembe hiyo, kihamishe. Rudia jaribio usiku. Kwenye miteremko ya milima yetu upepo wa mchana hupanda kuelekea mlimani na wa usiku hushuka, kwa hiyo dirisha lililokuwa linatoa hewa saa nane mchana linaweza kuwa linaingiza saa nne usiku.

Kama una feni, iweke karibu na dirisha ikitazama nje, isukume hewa ya ndani itoke. Feni inayozungusha hewa ndani ya chumba kilichofungwa inagawa virusi kwa kila mtu.

Kuna jambo moja naliomba kwa msisitizo: usiingize jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Kila msimu wa baridi familia zinazikwa kwa sababu hii. Isitoshe, moshi wa kuni na mkaa huumiza mapafu ya watoto na kuwarahisishia kupata nimonia. Jiko libaki nje au kwenye chumba cha kupikia chenye hewa, na joto litoke kwenye uji, nguo na blanketi.

Hatua ya pili: mikono na vyombo

Hapa sitakaa sana kwa sababu mengi mnayajua. Weka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, au kibuyu chirizi kama mko shambani, ili anayeingia anawe kabla hajashika chochote. Sekunde 20 za kusugua, pamoja na kucha na katikati ya vidole. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaovifunika vingi vya virusi hivi, kwa hiyo sabuni yoyote ya kawaida, hata ya kipande ya kufulia, inafaa. Kitakasa mikono kinasaidia kikiwa na alkoholi asilimia 60 au zaidi.

Kohoa kwenye kiwiko au kitambaa, na kitambaa hicho kisizunguke. Wafundishe watoto kwa kuwaonyesha, wataiga.

Virusi vya influenza vinaweza kukaa kwenye sehemu ngumu kama chuma na plastiki siku moja hadi mbili. Futa vitasa, swichi, rimoti na simu. Ukitumia jiki yenye klorini ya asilimia 3.5, changanya mililita 30 kwa lita moja ya maji, futia, acha dakika kumi, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo, maana hutoa gesi inayochoma mapafu. Simu ifute kwa kitambaa chenye alkoholi.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza ya mgonjwa

Mtu akisema mwili unamuuma na koo linawasha, msisubiri kesho kuona kama yatakuwa makali. Saa za mwanzo ndizo zenye uzito.

Kama mna chumba cha ziada, mpe mgonjwa. Fungua dirisha la chumba hicho na funga mlango unaoelekea sebuleni. Halafu chukua udi wako uushike kwenye upenyo wa chini ya mlango, upande wa sebuleni. Moshi ukivutwa kuingia kwa mgonjwa, mko salama: hewa yake inatokea nje. Ukisukumwa kuelekea kwenu, hewa ya mgonjwa inaletwa sebuleni. Ziba upenyo huo kwa kanga iliyokunjwa na mfungue madirisha ya sebule pia.

Wengi hawana chumba cha ziada. Chukua mfano wa familia ya watu watano kwenye vyumba viwili, Ngarenaro au Majengo. Mgonjwa alale kwenye chumba chenye dirisha zuri zaidi, kitanda chake kiwe upande ambao udi ulionyesha hewa inatokea, na anayelazimika kulala humo alale upande inakoingilia. Bibi, mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu, kisukari au sikoseli wahamie chumba kingine, hata kama ni godoro chini sebuleni. Kitanda kikilazimika kulaliwa na wawili, walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake. Pazia kati ya vitanda linazuia matone ya kukohoa, lakini halizuii chembechembe zinazoelea, kwa hiyo lisiwe sababu ya kufunga dirisha.

Mchana mgonjwa akae nje. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu ni la bure na tunalisahau. Kiti barazani au chini ya mti, shuka mabegani, jua likitoka. Hewa ya nje huzimua virusi upesi kiasi kwamba mnaweza kuongea naye mkiwa mita mbili mbali bila hofu kubwa, naye hajisikii ametengwa. Watu huwa wanamficha mgonjwa ndani "asipigwe na upepo", na hapo ndipo nyumba nzima inapoambukizwa.

Chagua mtu mmoja wa kumhudumia, mwenye afya na asiye mjamzito. Wote wawili wavae barakoa wanapokuwa chumba kimoja. Ya mgonjwa ina faida kubwa zaidi kwa sababu inazuia kwenye chanzo. Barakoa ya hospitali ya safu tatu ni bora kuliko ya kitambaa, na N95 inayobana vizuri usoni ni bora kuliko zote. Ifunike pua, ibonyeze waya ulalie mfupa wa pua, na usiishushe kidevuni unapoongea. Ikilowa, badilisha. Mtoto chini ya miaka miwili asivalishwe.

Mama anayenyonyesha akiugua aendelee kunyonyesha. Maziwa yake yana kinga ambayo mtoto anaihitaji siku hizo. Anawe mikono, avae barakoa, akimaliza mtoto apokewe na mtu mwingine.

Sahani na kikombe cha mgonjwa vioshwe kwa sabuni na maji moto kama kawaida. Hakuna haja ya kumtengea vyombo vya kudumu wala kuchoma nguo zake. Kufua na kuanika juani kunatosha.

Hatua ya nne: kumtunza bila kumwongezea madhara

Mafua mengi ya virusi hupona yenyewe. Kazi yetu ni kumpunguzia maumivu, kumpa maji, na kumwangalia kwa makini.

Maji, uji mwepesi, chai ya tangawizi, supu. Mtori mwepesi unashuka vizuri hata kwa asiye na hamu ya kula. Kwa homa na maumivu, parasetamoli. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Kwa mfano mtoto wa kilo 10 hupata mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa, kwa sababu zina nguvu tofauti. Soma pia pakiti za dawa za mafua za mchanganyiko: nyingi tayari zina parasetamoli ndani, na anayezichanganya na vidonge vingine anajipa dozi mbili bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa asipewe dawa nyumbani, apelekwe kituoni.

Aspirini usiwape watoto na vijana wenye mafua makali. Inaweza kuleta ugonjwa hatari wa ini na ubongo.

Asali inatuliza kikohozi kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Chini ya hapo usimpe hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto mchanga.

Sasa rangi mbili, yaani zile kapsuli za antibayotiki. Naelewa kwa nini watu wanazikimbilia: zinapatikana, ni nafuu, na mtu akizinywa siku ya tatu anaanza kupata nafuu siku ya tano, anaona zimemponya. Angepona hata bila hizo. Antibayotiki huua bakteria, haigusi virusi kabisa. Kuzinywa ovyo kunawafundisha bakteria waliomo mwilini kuzizoea, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa inagoma. Muuzaji wa duka la dawa muhimu anayekukatalia kukupa bila cheti anakutendea wema.

Nyungu nayo ina nafasi yake na mipaka yake. Mvuke hulainisha makamasi na mtu anapumua vizuri kwa muda, hilo ni kweli. Hauui virusi vilivyo ndani ya mwili. Mtoto asiingizwe chini ya blanketi na sufuria ya maji yanayochemka, kwa kuwa sufuria ikimwagika majeraha yake hukaa maisha yote. Mtu mzima akipenda, akae mezani, sufuria iwe imara, na asijifunike pamoja na watu wengine. Kujifukiza wawili watatu chini ya shuka moja ni kugawana pumzi ya mgonjwa.

Halafu kumbuka malaria. Moshi ya chini, kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC na mashamba ya mpunga, ina mbu wa kutosha, na Arusha wapo wanaosafiri kila wiki kwenda Tanga na Dar. Homa haina jina hadi ipimwe. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu na dakika 15 au 20.

Hatua ya tano: kujua saa ya kwenda hospitali

Hapa naomba usome polepole, na ikiwezekana umsomee bibi au dada anayebaki na watoto mchana.

Kwa mtoto, tumia macho kuliko kipimajoto. Mpakate akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Mfungue vifungo, inua fulana hadi kifuani. Weka saa ya simu dakika moja kamili, tazama tumbo, na hesabu kila linapopanda. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hupumua kwa mafungu. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni haraka kupita kawaida. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiwa bado umeinua fulana, tazama sehemu ya chini ya mbavu. Kwa kawaida anapovuta hewa pale hutoka nje. Ikiwa panabonyea kuingia ndani kila anapovuta, mapafu yanahangaika, na hilo halisubiri asubuhi.

Mtoto aliyeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelala mno na haamki vizuri, au mwenye midomo iliyogeuka rangi, ni wa dharura. Apelekwe usiku huo huo.

Kwa mtu mzima angalia hivi: anakata pumzi akiongea sentensi moja, kifua kinambana, anachanganyikiwa, hakojoi, au alikuwa anapata nafuu halafu homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu zaidi. Hilo la mwisho mara nyingi ni nimonia ya bakteria iliyopanda juu ya virusi, na hapo antibayotiki ya daktari ndiyo dawa. Kama mna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, pasha vidole joto kwanza kwa kuvisugua, ondoa rangi ya kucha, subiri namba itulie. Chini ya 94 tafuta ushauri, chini ya 90 nenda hospitali mara moja.

Mjamzito, mzee na mwenye ugonjwa wa kudumu wasisubiri dalili hizi. Waende mapema, siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu dawa za kupambana na virusi vya influenza, pale zinapopatikana, hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 48. Ukiwa njia panda, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Mkifika kituoni, vaeni barakoa na mseme mlangoni kwamba mna kikohozi, ili msikalishwe katikati ya foleni ya wajawazito na watoto wa kliniki.

Nje ya nyumba

Kwenye kifodi au Hiace ya saa moja asubuhi, fungua dirisha lako. Abiria wa nyuma atalalamika baridi. Mwombe kwa upole, acha upenyo hata wa vidole vinne: gari likitembea, upenyo huo unabadilisha hewa haraka. Safari ya Moshi na Arusha kwenye Coaster iliyofungwa vioo ni ndefu vya kutosha kuambukizana, na humo barakoa inastahili nafasi yake mfukoni, hasa kama wewe ndiye unayekohoa.

Shuleni, madirisha ya darasa yabaki wazi na mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Najua mzazi anayeuza soko la Kilombero au la Mbuyuni hana wa kumwachia, na walimu nao hawapendi mtoto akose mtihani wa kila wiki. Lakini mtoto mmoja mwenye homa kwenye darasa la wanafunzi 60 anawarudisha nyumbani kumi. Kwenye mabweni, vitanda vya dabodeka visogezwe na wanafunzi walale mzungu wa nne, juu na chini.

Msibani turubai lililo wazi ni salama kuliko sebule. Wafiwa waliozeeka wakae pembeni penye hewa, na pole itolewe kwa mkono kifuani kwa aliye na mafua. Hakuna mfiwa atakayekulaumu.

Kuna kata ya mbege inayozunguka. Naiheshimu, imefungua mazungumzo mengi na kumaliza ugomvi mwingi. Msimu wa mafua kila mzee apewe kikombe chake, na yule mwenye heshima ya kuonja kwanza aonje kwanza, kwenye kikombe chake.

Kisha Desemba. Mabasi kutoka Dar yamejaa, nyumba za kihamba huko Kibosho, Marangu na Rombo zinapokea watu kumi na tano mahali wanapoishi wazee wawili. Kama ulianza kuwashwa koo njiani, mwambie bibi kabla hujamkumbatia. Msalimie uani, kaa naye nje chini ya migomba, lala chumba cha vijana, na barakoa iwe usoni ukiingia jikoni kwake. Siku nne tano za subira hizo zinamlinda mtu mwenye miaka 80 ambaye mapafu yake hayana akiba.

Chanjo

Watoto wapewe zote kwa wakati. Surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi kwa kuwa kliniki ya uzito imeshapoa, nayo ndiyo inayomfunika mtoto ambaye ya kwanza haikumshika. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 huzuia kifaduro na aina mbili za bakteria zinazoleta nimonia baada ya virusi kudhoofisha mapafu. Ni bure kwenye vituo vya serikali. Kadi ikipotea, nenda hivyo hivyo. Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini Julai 28, 2021. Wazee na wenye magonjwa ya kudumu waulize kituoni kwao kuhusu dozi inayowafaa sasa. Ya influenza haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, lakini aliye na pumu au moyo dhaifu anaweza kuiulizia hospitalini kabla ya Juni.

Kurudi kazini

Mgonjwa atoke ndani homa ikishakuwa imekwisha siku nzima bila kunywa parasetamoli na kikohozi kikiwa kinapungua. Siku tano zinazofuata avae barakoa akiwa ndani na watu, na asiende kumwona mtoto mchanga wala mzee. Fua mashuka, anika godoro juani, acha madirisha ya chumba wazi kutwa.

Kikohozi kikavu kinaweza kubaki wiki moja au mbili zaidi ingawa virusi vimeshaondoka. Kikipita wiki mbili, au kikija na jasho la usiku, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, acha kukiita mafua. Nenda ukapime makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya umma, na kwa kesi ngumu tuna Kibong'oto hapa hapa Siha, hospitali ya taifa ya magonjwa hayo. Mpeleke na mtu mnayelala naye chumba kimoja, naye apimwe siku hiyo hiyo.